UZI: Hailaita kwenye ngozi nyeusi, tufuate mwanga tuache chaki

MpambajiArua

Habari za humu, wapendwa.

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, huu ni mwaka wangu wa saba. Siku nyingi nasoma tu nyuzi za wenzangu na kupita. Leo naandika kwa sababu Jumamosi iliyopita nilialikwa arusini kama mgeni, sikuwa na brashi mkononi, nikakaa nikawatazama wapambe wa bibi arusi wakiingia ukumbini. Walikuwa sita. Wanne walikuwa na mstari mweupe wa hailaita, kile kipodozi cha kuupa uso mng'ao, juu ya pua, umenyooka kama umepigwa rula. Mabinti wazuri, wenye weusi wetu ule wa West Nile ambao mtu akitoka kuoga tu unang'aa. Roho iliniuma. Mtu amelipa hela yake, amekaa kitini saa nzima, halafu anatoka na uso uliopauka kuliko alivyoamka.

Nianze na jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Hailaita haitengenezi mwanga. Mwanga unatoka juani, dirishani, kwenye taa. Ukifika usoni, sehemu zilizoinuka zinaurudisha. Ngozi nyeusi huurudisha kama nyeupe, ila kwetu ngozi inayolizunguka lile doa la mwanga ni nyeusi, kwa hiyo doa linajitokeza zaidi. Mwangalie mama aliyejipaka mafuta asubuhi akisimama uani jua likitoka: mfupa wa shavu unawaka, paji la uso linawaka, na hakuna kopo alilofungua. Yaani hailaita yetu tumezaliwa nayo. Kile tunachonunua dukani kazi yake ni kuikoleza kwa rangi inayotokana na ngozi yenyewe, dhahabu iliyoiva, shaba, udongo mwekundu. Ukiweka fedha au lulu nyeupe hapo, hujakoleza kitu, umepaka rangi nyingine juu ya uso wa mtu.

Kwa nini makopo mengi yanatoka meupe? Ndani yake kuna vipande vidogo mno vya mika, lile jiwe linalobanduka tabaka tabaka kama ngozi ya kitunguu. Vipande hivyo hufunikwa kwa utando mwembamba wa titani dioksaidi au wa oksidi ya chuma. Titani dioksaidi ikiwa nyembamba hutoa mmeto wa fedha. Oksidi ya chuma, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni kutu, hutoa dhahabu, shaba na rangi ya kahawia. Nyuma ya kopo mika huandikwa CI 77019, titani CI 77891, na oksidi za chuma ni CI 77491, 77492 na 77499. Ukiona kuna 77891 peke yake bila hata moja ya zile za chuma, jiulize mara mbili kabla ya kutoa hela. Ila msitegemee mpangilio wa hizo namba, kwa sababu rangi mara nyingi huandikwa mwishoni bila kufuata ipi ni nyingi. Jibu la kweli liko kwenye ngozi: paka kidogo juu ya kifundo cha mkono, toka nje ya duka, geuza mkono juani. Ukipinda mkono na lile doa likabaki jeupe hata pale mwanga usipogonga, liache.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa pili nilinunua kopo limeandikwa dhahabu, nikalichagua jioni chini ya balbu ya manjano. Chini ya balbu ile hata unga wa muhogo ungeonekana dhahabu. Nikampaka bibi arusi asubuhi kwa haraka, gari linapiga honi nje. Wiki mbili baadaye mama yake akaniletea albamu, akaifungua kimya, akaweka kidole kwenye picha moja, akaniuliza, "Mwanangu alikuwa anaumwa siku ile?" Sikuwa na la kujibu. Nilimrudishia hela, lakini siku ile haikurudi.

Sasa namna ya kupaka. Chukua kioo, kaa mlangoni, si ndani. Saa 10 alasiri ndio wakati mzuri, jua limeshuka linakuja kwa ubavu. Saa 6 mchana huku kwetu karibu na ikweta jua liko utosini na linaonyesha paji na pua tu. Uso uwe msafi, umepakwa mafuta kidogo. Geuza kichwa polepole kulia na kushoto, taratibu kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Utaona mstari wa mwanga unatembea juu ya shavu, kisha mahali fulani unatulia na kuwa mkali. Weka kidole hapo. Wengine ni juu kabisa karibu na panja, wengine ni chini kidogo, na kuna watu upande wa kulia na wa kushoto havilingani. Hapo ndipo hailaita inapokaa. Wala usimfuate msichana wa kwenye video, mfupa wake ni wake.

Brashi iwe ndogo, yenye nywele laini zilizotawanyika. Igusishe kwenye kopo mara moja, ikung'ute ukutani mwa kopo, kisha anza katikati ya ule mstari uelekee panja kwa kugusagusa, usikokote. Rudi nyuma hatua mbili ujiangalie. Kama unaona hailaita kabla hujaona uso, imezidi. Chukua sponji yenye unyevu kidogo uibonyeze. Puani usipige mstari kutoka juu hadi chini. Gusa mwamba wa pua pale kati ya macho, ruka katikati, gusa ncha kidogo kama unataka. Pua pana ukiipiga mstari mzima hainyooki, inaonekana ina mstari tu. Upinde wa mdomo wa juu, kidole kimoja kinatosha. Kona ya ndani ya jicho, punje. Mitulinga kama nguo iko wazi, hapo unaweza kujiachia.

Maswali karibuni, nitajibu nikimaliza wateja.

---

NyotaYaJinja

Dada umenigusa. Mimi ni maji ya kunde, si mweusi sana, na kila mpambaji ninayekwenda kwake ananipaka ile ya shaba nyekundu naonekana kama nimeungua jua. Mimi nitumie ipi? Na nikuulize, ya maji, ya krimu na ya poda ipi inadumu? Huku Jinja unyevu wa ziwa ukianza asubuhi kila kitu kinayeyuka.

MpambajiArua

Dada, maji ya kunde wengi wanapendezwa na dhahabu hafifu yenye manjano, ile rangi ya asali ukiimwaga kwenye sahani nyeupe. Ila angalia mishipa ya kifundo cha mkono kwenye mwanga wa mchana. Ikionekana kijani, dhahabu. Ikionekana ya buluu au zambarau, tafuta yenye uwaridi kwa mbali. Shaba nyekundu kwako iache iwe ya macho.

Kuhusu kudumu, kinachoharibu mara nyingi si aina bali ni mpangilio. Maji na krimu huenda kabla ya poda. Poda huenda juu ya poda. Mtu akishamaliza faundesheni, yaani ile rangi ya chini ya uso, akajipiga poda uso mzima, halafu akachukua hailaita ya krimu na kuisugua juu, ile poda ya chini inameguka na kuwa vidonge vidonge, na hakuna dawa hapo zaidi ya kunawa. Kwa Jinja ningefanya hivi: tone la ile ya maji kabla ya poda, lipigepige kwa kidole, poda kidogo kando yake lakini si juu yake, kisha ya poda ya rangi hiyohiyo juu kwa kugusa tu. Mbili nyembamba hukaa kuliko moja nene.

NyotaYaJinja

Asante sana. Kumbe ile mimi huita uso kupasuka ni mpangilio! Nakumbuka hata Rihanna alipotoa Fenty Beauty mwaka 2017 na faundesheni za rangi 40, watu wengi walishangilia faundesheni, mimi nilichoshangaa ni ile hailaita yao ya dhahabu kali iliyomkaa mtu mweusi kabisa kama vile ilichanganywa kwa ajili yake. Kabla ya hapo nilidhani hailaita ni kitu cha Wazungu.

---

MpigaPichaGulu

Naomba niongeze upande wa kamera, maana lawama nyingi zinatuangukia sisi.

Flashi iliyofungwa juu ya kamera inapiga uso moja kwa moja kutoka mbele. Inafuta vivuli vyote, uso unakuwa bapa kama karatasi, na chochote kinachometa kinarudi cheupe. Kwa hiyo bibi arusi anaweza kuwa amependeza sana kwa macho, picha ikatoka na mabaka. Mpiga picha anayejua kazi anaigeuza flashi ipige dari au ukuta ili mwanga urudi kwa upole, lakini kwenye hema la nje hakuna dari.

Pili, hailaita si mkosaji peke yake. Zile poda nyeupe laini zinazosemekana hazina rangi, nyingi ni silika, na chini ya flashi zinatoa weupe mbaya sana, hasa chini ya macho. Krimu za kuzuia jua zenye titani dioksaidi au zinki nazo ni hivyohivyo. Nimewahi kupiga bibi arusi ambaye hakuwa na hailaita hata chembe, na bado picha zikatoka kama amemwagiwa unga.

Ombi langu kwa wapambaji wote: kabla mteja hajainuka kitini, zima taa, washa flashi ya simu, mpige picha mbili, moja kutoka mbele na moja kwa ubavu. Hapo ndipo mtaona tutakachokiona sisi. Ni dakika moja tu.

MpambajiArua

Kaka ubarikiwe. Hilo la simu nalifanya tangu ile albamu niliyoisimulia hapo juu, na silika nimeiacha kabisa kwa harusi za usiku. Natumia poda yenye rangi ya ngozi.

---

BintiWaBombo

Assalaam aleikum wote.

Dada wa Arua, mimi ni Mnubi wa Bombo. Kwetu bibi arusi anapambwa siku kadhaa: hina mikononi na miguuni, udi, mafuta, na ngozi inakuwa laini kama hariri kabla hata ya kufikia mekapu. Siku yenyewe gurbaba, yaani nguo zetu za kujifunga, zina rangi kali na dhahabu ni nyingi, shingoni, masikioni, mikononi. Mimi nahisi uso ukimeta na dhahabu ikimeta, hakuna kinachoonekana. Unashauri nini?

Pia sisi kabla ya kutawadha tunatoa kila kitu usoni, maji lazima yafike kwenye ngozi. Nataka kitu cha kurudisha uso haraka baada ya swala ya Alasiri, wageni wakiwa wanasubiri. Faundesheni upya siwezi.

MpambajiArua

Wa aleikum salaam, dada. Umeuliza vizuri na unaona mbali.

Dhahabu ya kweli ikiwa sikioni na shingoni, uso upewe mng'ao na si mmeto. Tofauti yake ni hii: mng'ao ni ngozi inayoonekana imelowa kwa mbali, huwezi kuhesabu chembe. Mmeto ni chembe unaziona moja moja. Kwa bibi arusi wenu ningechagua krimu isiyo na chembe kabisa, ningeweka juu ya shavu tu na kope za juu katikati, pua ningeiacha. Hereni yenyewe inarusha mwanga kwenye taya na chini ya shavu. Mwambie ageuze kichwa ukiwa umemvisha hereni, utaona ninachosema. Kwa hiyo mpake baada ya kumvisha dhahabu, si kabla.

Wenye gomesi ya satini, lile gauni refu la sherehe la huku Uganda, hali ni hiyohiyo. Yale mabega yaliyosimama yanarudisha mwanga mpaka kidevuni. Nguo ikiwaka, uso upumzike.

Baada ya swala: uso ukiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta yako ya kawaida, kausha kwa kitambaa pembeni mwa pua na paji. Chukua hailaita ya krimu ya kijiti, isugue kwenye kidole cha pete mpaka ipate joto, ibonyeze mara tatu kwenye mfupa wa shavu. Wanja, rangi ya mdomo, umemaliza. Bila faundesheni. Ngozi iliyotoka kuandaliwa siku kadhaa haihitaji kufunikwa, na mimi naona hapo bibi arusi anapendeza kuliko asubuhi.

---

MkaziWaNtinda

Mimi uso wangu una mafuta mengi na chunusi za mashavuni, zingine zimeacha makovu. Nina kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya dada yangu Masaka mwezi ujao na mimi ni mmoja wa watakaosimama mbele. Kila nikipaka hailaita chunusi ndizo zinazoonekana. Niachane nayo?

MpambajiArua

Usiachane nayo, ihamishe.

Mwanga haujui hili ni shavu na hii ni chunusi. Kila kilichoinuka unakionyesha. Ukipaka mmeto juu ya shavu lenye vipele, umeviwekea taa. Kwa hiyo mashavu yako mwezi huu yaache yawe bapa, poda tu, halafu peleka mwanga mahali ambapo ngozi yako ni laini. Watu wengi wenye chunusi za mashavuni wana ngozi safi sana chini ya nyusi, juu ya mdomo, na kwenye mitulinga. Gusa kidole hapo ujisikie. Ukipata ngozi laini, hapo ndipo pako.

Na uso wa mafuta baada ya saa mbili unajitengenezea hailaita yake kwenye paji na pua. Hapo usiongeze chochote. Beba karatasi laini, bonyeza, usifute.

Kitu kingine, usiazime brashi ya mtu kwenye kwanjula. Najua mabinti kumi chumba kimoja kioo kimoja, lakini brashi iliyopita kwenye uso wenye chunusi ikaja kwako inabeba na vilivyokuwa huko. Na angalia kopo lako lina muda gani tangu ulifungue. Kuna picha ndogo ya kopo lililo wazi, ndani imeandikwa 6M, 12M au 24M. Ni miezi ya matumizi tangu kufunguliwa. Ya maji huharibika mapema kuliko ya poda. Ikinuka kama mafuta yaliyochacha, tupa.

---

MwanafunziKyambogo

Shikamooni. Mimi sina bajeti ya hailaita, nina paleti ya rangi za macho niliyopewa na shangazi, ina dhahabu na kahawia inayometa. Naweza kutumia hizo? Na hapa kuna duka la vifaa vya ofisi linauza glita kwa pakiti, bei ndogo sana, wenzangu wanachanganya na vaselini.

MpambajiArua

Marahaba mdogo wangu. Ile kahawia inayometa tumia bila wasiwasi. Rangi ya macho na hailaita ya poda ndani yake ni ndugu, mika ileile. Chagua iliyosagwa laini, ipake kwa brashi kavu, kidogo sana kwa sababu rangi ya macho ina rangi nzito kuliko hailaita. Wapambaji wengi tunafanya hivyo, mimi mwenyewe ile ninayoipenda kwa ngozi nyeusi kabisa ni rangi ya macho ya shaba.

Glita ya kadi na mapambo usiiweke usoni, tafadhali, na uwaambie wenzako leo. Ile ni plastiki iliyokatwa, kingo zake ni kali, chembe moja ikiingia jichoni na ukasugua inaweza kukwaruza mboni. Macho ni macho, wapendwa.

---

MrembaWaKampala

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Wapambaji wengi siku hizi wanamwanzisha mteja na krimu ya kung'arisha ngozi miezi miwili kabla ya arusi. Ngozi ikishakuwa nyepesi, hailaita yoyote inakaa vizuri, hata ile ya lulu. Si rahisi zaidi kuliko kuhangaika kutafuta shaba?

MpambajiArua

Hapana, dada, na hapa nitasema kwa nguvu bila kukukosea heshima.

Krimu nyingi za kubadili rangi ya ngozi zina haidrokwinoni au zebaki. Shirika la viwango la hapa kwetu, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo viwili, na si kwa kupenda kusumbua wafanyabiashara. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa ya buluu na meusi yasiyotoka, hasa mashavuni, yaani palepale tunapotaka mwanga ukae. Nimeshika mashavu ya namna hiyo kwa vidole vyangu. Ngozi ni nyembamba, inauma ukiigusa na sponji, juani inawaka moto, na hailaita juu yake inaonyesha kila mshipa.

Halafu unambadilisha mtu ngozi ili ilingane na kopo? Kopo ndilo linalobadilishwa. Mteja akija kwangu na ombi hilo namkalisha mlangoni pale na kioo, namgeuza kichwa mpaka auone ule mwanga wake. Wengine wanabaki kimya muda mrefu. Hajawahi mtu kumwonyesha.

MpigaPichaGulu

Naunga mkono. Na kwenye picha nitawaambia ukweli wa kazi: ngozi nyeusi kabisa ikipata mwanga wa dirisha kwa ubavu, hakuna kitu kizuri kuliko hicho cha kupiga.

---

MamaKoboko

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, hizi hailaita zimekuja sisi tukiwa tumeshaolewa. Tulikuwa na mafuta ya shea, haya ya huku kaskazini. Siku ya sherehe mama anachukua kiasi cha punje ya hindi, anayayeyusha kiganjani, anakupaka usoni, mikononi na miguuni, kisha anarudia mara ya pili mashavuni na mabegani tu. Ukicheza ngoma jua likikupiga watu wanakuona toka ng'ambo. Sasa na uso huu wenye mikunjo, binti yangu anataka kunipaka vyake siku ya arusi ya mjukuu. Nikubali?

MpambajiArua

Mama, shikamoo. Ulichoeleza hapo, ile mara ya pili mashavuni na mabegani, ndiyo hailaita yenyewe. Mama zetu waliijua kazi hii.

Na shea yetu ina sifa yake. Mti wa huku kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini ni wa jamii yake, wataalamu huuita nilotica, na mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, yanayeyuka upesi mkononi. Hata mimi huyatumia: nachanganya kiasi cha kichwa cha njiti ya kibiriti na poda ya shaba juu ya kiganja, napata krimu ambayo dukani sijaiona. Mwenye uso wa mafuta asijaribu, lakini kwa ngozi kavu ya kiangazi cha Januari, hasa upepo wa vumbi ukianza, ni nzuri mno.

Kwa binti yako, kubali mama, ila mwambie mambo mawili. Asikuwekee yenye chembe, kwa sababu chembe huingia kwenye mikunjo na kukaa humo. Na asipake pembeni mwa macho unapochekea. Juu ya shavu tu, kwa kidole, ukiwa umetulia. Kisha akuambie ucheke aone kama imebaki mahali pake.

MamaKoboko

Marahaba mwanangu. Nitamwonyesha simu asome mwenyewe.

---

MchezajiNgoma

Naheshimu uzi lakini natofautiana kwenye "kidogo, kidogo." Mimi nacheza ngoma jukwaani Kampala. Watazamaji wako mita 20, taa za rangi juu, jasho linatiririka. Nikipaka kidogo, sionekani nina uso. Sisi tunapaka sana, tunapaka mpaka mabega na miguu, na tunapendeza.

MpambajiArua

Uko sahihi kabisa, na nimefurahi umesema. Nilikuwa nawaza arusi, mtu anayekaribiwa, anayekumbatiwa na shangazi. Jukwaani umbali unakula mwanga. Paka sana, ila rangi ibaki ya joto, maana taa za buluu zikiangukia fedha zinamfanya mtu afanane na maiti, na zikiangukia shaba zinampa uhai. Mabegani na miguuni changanya ya maji na mafuta, usitumie poda, jasho litaichora mistari.

MchezajiNgoma

Hilo la taa za buluu limenitokea mara nyingi nikidhani ni faundesheni. Nitajaribu shaba Ijumaa.

---

MkaziWaNtinda

Nimerudi, wapendwa. Kwanjula ilikuwa Jumamosi.

Nilifanya kama ulivyosema. Mashavu niliyaacha na poda tu. Chini ya nyusi, upinde wa mdomo, na mitulinga, nikatumia shaba. Gomesi yangu ilikuwa ya kijani yenye kung'aa kwa hiyo nikapunguza hata hapo. Nilipofika Masaka binamu zangu wakaniambia mbona hujamaliza kujipaka, nikakaribia kuongeza. Nikakumbuka kioo na mlango. Nikatoka nje ya nyumba nikageuza kichwa, nikaona panatosha, nikaacha.

Tulipopiga magoti kusalimia, jua lilikuwa linakuja kutoka upande wa barabara. Dada yangu alinipiga picha kwa simu bila mimi kujua. Picha hiyo ndiyo nimeiweka kwenye wasifu wangu sasa. Chunusi zipo ukizitafuta, lakini jicho linaenda kwanza kwenye macho na shingoni.

Swali moja: baada ya chakula paji lilianza kuwaka sana. Karatasi laini nilisahau kwenye gari.

MpambajiArua

Hongera sana dada! Na kutoka nje ukajiangalia wakati binamu wanakusukuma, hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Paji likiwaka na huna karatasi, chukua leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, ikunje, ibonyeze hapo ukihesabu mpaka kumi, usiisugue. Poda mpya juu ya mafuta usiweke kabla ya kubonyeza. Kisha niambie, rangi ya chini uliyotumia paji ilikuwa ya maji au ya krimu? Nadhani tatizo lilianzia hapo.

MkaziWaNtinda

Ya krimu, tena nzito. Niliipaka uso mzima.

MpambajiArua

Basi siku ukiwa na shughuli nyingine, tumia rangi ya chini ya krimu kwenye mashavu tu na ya maji kwenye paji. Tuma picha ya lile kopo nione namba zake.